MAONI: Msimbo tugawane, ufunguo hapana

Simu iliingia saa nne kasoro usiku, wiki ya Krismasi. Aliyepiga ni mama mwenye nyumba ya wageni ya vyumba 14 hapa Diani, mteja wangu wa kwanza wa maana tangu nianze kazi ya kuandika programu. Hakusubiri hata nimalize kumwamkia.

"Mwanangu, hiyo kompyuta yako imeuza chumba kimoja kwa watu wawili. Familia moja imeshalala, nyingine iko hapa mapokezi, watoto wanalia. Nifanye nini?"

Nilipanda boda kutoka Ukunda hadi kule. Familia ya pili ilikuwa imetoka Nairobi kwa treni, ikavuka feri ya Likoni na mizigo yake, na baba alikuwa ameshika simu yenye ujumbe wa M-Pesa kuthibitisha kwamba amelipa. Familia iliyolala nayo ilikuwa imelipa. Wote walikuwa na haki. Mwenye makosa nilikuwa mimi.

Mama yule aliwatafutia chumba kwa jirani, akalipa tofauti ya bei kutoka mfukoni mwake. Hakunitukana. Alisema jambo moja tu, na hadi leo linaniuma: "Watu waliniambia nitafute kijana wa Nairobi. Nikawaambia la, wetu wa hapa pia wanaweza."

Ndiyo maana leo naandika kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunaoandika programu hukidharau: ile mistari michache ya msimbo inayounganisha programu na hifadhidata. Tunaiandika mara moja, inafanya kazi, tunainakili kila mahali, halafu tunaisahau. Maoni yangu ni haya: msimbo huo uandikwe mara moja na utumiwe na programu zote za mteja mmoja, tovuti na ile ya kaunta. Lakini ufunguo wa kuingilia hifadhidata usigawanywe. Ukae mahali pamoja tu.

Makosa yangu yalikuwa hivi. Nyumba ile ilikuwa na programu mbili. Ya kwanza ni tovuti, ambapo mgeni aliye Nairobi au Ujerumani anachagua chumba na kulipa. Ya pili ni programu ya deskitopu iliyokaa ndani ya kompyuta ya mapokezi, ambayo mhudumu hutumia kwa wageni wanaoingia kwa miguu, kuchapisha risiti na kuandika nani ametoka. Zote mbili nilizitengeneza kwa C#, na zote zilisoma hifadhidata moja iliyokaa kwenye seva ya kukodi.

Kila programu ilikuwa na nakala yake ya msimbo wa kuunganisha. Nilikuwa nimeandika wa tovuti kwanza. Nilipofika kwenye programu ya kaunta nikafanya kile ambacho sote hufanya: nikanakili, nikabandika, nikaenda kunywa chai. Ndani ya kila nakala mlikuwa na ule mstari unaosema hifadhidata iko wapi, inaitwaje, nani anaingia na kwa nywila gani.

Siku tano kabla ya Krismasi nilihamisha hifadhidata kwenda kwenye seva nyingine iliyo bora zaidi. Nikabadilisha mstari ule kwenye tovuti. Nikajaribu, ikafanya kazi, nikajipongeza. Nakala ya kaunta nikaisahau kabisa. Kwa bahati mbaya seva ya zamani haikuwa imezimwa kwa sababu kodi yake ya mwezi ilikuwa haijaisha. Kwa hivyo programu ya kaunta haikulalamika hata kidogo. Kwa siku tano tovuti iliandika kwenye daftari jipya na mapokezi yakaandika kwenye daftari la zamani, kila upande ukiamini kwamba chumba kile kiko wazi.

Kama seva ya zamani ingekuwa imezimwa, kaunta ingegoma siku ileile, ningepigiwa simu, na ningerekebisha kwa dakika kumi. Nakala mbili za kitu kimoja ni hatari kwa sababu hiyo. Zinaweza kutofautiana kimyakimya huku kila moja ikiendelea kuchapa kazi.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1999 Andrew Hunt na David Thomas walichapisha kitabu cha The Pragmatic Programmer, na moja ya kanuni zake zilizopata umaarufu ni kwamba kila ujuzi ndani ya mfumo uwe na makao mamoja yanayojulikana. Watu wengi huichukulia kama katazo la kurudia mistari ya msimbo. Ina uzito kuliko hapo. Anwani ya hifadhidata ni ujuzi. Kanuni kwamba chumba kimoja hakiuzwi mara mbili kwa usiku mmoja ni ujuzi. Ukiviweka mahali pawili, una mabwana wawili katika nyumba moja.

Baada ya mkasa ule nilifanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya mwanzo. Nilichukua msimbo wote unaogusa hifadhidata nikautia kwenye mradi wake, maktaba moja ndogo. Humo mna kufungua muunganisho, kuufunga, kutafuta vyumba vilivyo wazi, kuandika mgeni, kufuta nafasi iliyoahirishwa. Tovuti ikawa inaitumia maktaba hiyo, na programu ya kaunta pia. Maktaba yenyewe haijui kama aliyeiita ni tovuti au kaunta, wala haihitaji kujua. Anwani na nywila hazimo ndani yake. Anayeiita ndiye anayeikabidhi.

Faida niliiona mapema. Programu ya kaunta ilikuwa na ugonjwa mwingine ambao sikuwa nimeutambua: ilifungua muunganisho asubuhi na kuushikilia mpaka jioni, na kila dirisha jipya lilifungua mwingine. Tovuti haiishi hivyo. Ombi linakuja, linajibiwa kwa sekunde, linakwisha. Hifadhidata ya MySQL, mipangilio yake isipoguswa, hukubali miunganisho 151 kwa wakati mmoja. Kaunta ikishikilia miunganisho isiyoitumia, kuna siku mgeni kwenye tovuti atafungiwa nje, na utaanza kumlaumu mwenye seva bure. Katika maktaba moja niliandika sheria moja: fungua unapohitaji, funga mara umalizapo. Nilirekebisha mahali pamoja na programu zote mbili zikapona.

Hadi hapo nilidhani nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimefika nusu ya safari.

Miezi michache baadaye kompyuta ya mapokezi ilikufa na mama akaipeleka kwa fundi. Siku ya pili nikapigiwa simu na kijana aliyekuwa akijifunza kazi pale. "Kaka, samahani. Nilikuwa nahamisha mafaili, nikaona hili faili la mipangilio la programu yako. Nywila ya hifadhidata imeandikwa wazi humu. Nikaona nikwambie kabla mtu mwingine hajaiona."

Nilikaa chini. Ili kaunta iifikie hifadhidata moja kwa moja kupitia intaneti, nilikuwa nimeacha mlango namba 3306 wa MySQL wazi kwa dunia nzima, na jina nililotumia lilikuwa na mamlaka yote: kusoma, kuandika, hata kufuta majedwali. Mtu yeyote mwenye faili lile angeweza kukaa kibandani popote, akasoma namba za pasipoti za wageni, simu zao, na usiku gani chumba gani kina nani. Sikuwa nimeibiwa. Nilikuwa nimesitiriwa na uungwana wa kijana mmoja.

Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo mawili. Kugawana msimbo ni jambo moja, kugawana ufunguo ni jambo jingine. Tovuti inakaa kwenye seva, mahali ambapo mgeni haoni faili zako. Programu ya deskitopu unamkabidhi mtu, na chochote ulichokitia ndani yake umemkabidhi pia. Usijidanganye kwamba ukiificha nywila ndani ya programu yenyewe badala ya faili la pembeni umesalimika. Programu za C# na Java hufunguliwa na kusomwa kwa vifaa vya bure. Unachokifanya ni kuficha ufunguo chini ya zulia la mlangoni.

Na wakubwa pia huumia. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia kwenye hazina ya msimbo ya kampuni ya Uber, wakakuta humo funguo za hifadhi yake ya mtandaoni. Taarifa za watu milioni 57 zikachukuliwa. Kama kampuni yenye wahandisi wengi hivyo inaweza kuacha ufunguo ndani ya msimbo, wewe na mimi tusijione wajanja.

Suluhisho tunalo mkononi kila siku bila kulifikiria. Safaricom ilianzisha M-Pesa mwaka 2007, na mwaka 2017 ikawafungulia waandishi wa programu huduma inayoitwa Daraja. Je, ukiunganisha duka lako na M-Pesa, Safaricom hukupa nywila ya hifadhidata yake? Thubutu! Unapewa API, yaani dirisha. Unagonga, unajitambulisha, unasema unataka nini, na walio ndani wanaamua kama unastahili. Hujui hifadhidata yao inaitwaje wala iko kwenye mashine gani. Wakiihamisha usiku wa leo, duka lako halitajua.

Nikafanya hivyo kwa udogo wangu. Ile maktaba moja ikabaki kwenye seva. Juu yake nikaandika API ndogo. Programu ya kaunta sasa haigusi hifadhidata kabisa. Inazungumza na API kwa jina la mhudumu aliyeingia, na mhudumu huyo anaruhusiwa kuandika wageni lakini haruhusiwi kufuta rekodi za mwaka jana. Mlango 3306 nikaufunga. Nywila nikaibadilisha na kuiweka kwenye mipangilio ya seva, nje ya msimbo. Siku kompyuta ya mapokezi ikiibwa, nazima ruhusa ya kompyuta hiyo na maisha yanaendelea.

Je, bado tovuti na kaunta zinagawana msimbo? Naam, tena zaidi ya mwanzo. Zinagawana maelezo ya chumba ni nini, mgeni ni nani, siku zinahesabiwa vipi. Zinagawana kanuni za kukagua tarehe kabla hazijatumwa. Kisichogawanywa ni ufunguo. Kwa hivyo swali la kujiuliza kabla ya kunakili chochote si "programu hizi mbili zinaweza kutumia faili moja?" Jiulize: nani kati yao anastahili kusimama karibu na hifadhidata?

Najua utaniuliza: sasa intaneti ikipotea? Swali la haki, hasa kwetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea sehemu kubwa ya nchi. Na hata bila majanga ya kitaifa, kuna jioni Msambweni ambapo mtandao unakuja na kuondoka kama maji ya bahari. Watu hutumia hoja hii kutetea kuunganisha kaunta moja kwa moja na hifadhidata. Lakini fikiri kidogo: kama hifadhidata iko kwenye seva ya kukodi, mtandao ukikatika hata huo muunganisho wa moja kwa moja umekatika. Hujapata chochote.

Jibu la kweli ni kuipa kaunta daftari lake dogo. SQLite inafaa sana kazi hiyo kwa sababu ni faili moja tu na haihitaji seva. Mtandao ukikatika, kaunta inaandika humo, ukirudi inatuma kwa API. Na ili isiuze chumba ambacho tovuti inakiuza saa hiyohiyo, nilikaa na mama tukatenga vyumba 3 vya kaunta. Mtandao ukiwa haupo, mapokezi wanauza hivyo vitatu tu. Ukirudi, vilivyosalia vinarudi kwenye soko la wote. Hilo halikuwa wazo la kompyuta. Ni mama aliyelitoa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifanya na mawakala wa watalii zamani za daftari la karatasi.

Kuna hoja ya pili, na hii huja kutoka kwa mabeshte zangu wa kazi: "Mteja analipa pesa kidogo na anataka kazi Ijumaa. Hizo maktaba na API ni za makampuni makubwa." Naielewa. Nimewahi kulala njaa nikisubiri malipo ya tovuti. Lakini maktaba ile ilinichukua siku mbili, na API siku nne. Usiku mmoja wa Krismasi ulinigharimu zaidi, na ulimgharimu zaidi mtu aliyeniamini. Tena siku hizi kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kilicho kidogo. Kwa nyumba ya vyumba 14, hata hicho kidogo kinauma. Na mama hatakuwa na mtu mwingine wa kumtazama ila wewe.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: ukiweka kila kitu kwenye maktaba moja, kosa moja linaangusha programu zote. Ni kweli. Ndiyo maana maktaba hiyo iwe ndogo, ibebe mambo ya hifadhidata tu, na ipewe namba ya toleo ili kaunta isibadilike kwa sababu tovuti imebadilika. Mambo ya dirisha, vitufe na ujumbe wa makosa yabaki kwa kila programu. Kugawana kupita kiasi nako ni ugonjwa. Lakini kati ya kosa linaloonekana mara moja kote na kosa linalojificha siku tano upande mmoja, mimi nachagua la kwanza.

Na nisisikie mtu akisema mambo haya ni ya Ulaya. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika katika nchi nyingi, ulianza mwaka 2004 kutokana na ushirikiano uliokuwepo Eldoret kati ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya afya nchini, imejengwa juu yake. Moyo wa mfumo huo ni tabaka moja la huduma ambalo ndilo linalozungumza na hifadhidata. Wanaoongeza sehemu zao juu wanapitia hapo. Ikiwa mfumo wenye mizizi Eldoret umeweza kulinda rekodi za wagonjwa kwa nidhamu hiyo, kaunta ya Diani haina kisingizio.

Kwa hivyo wewe kijana unayeandika programu Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga au Kinango, fungua kazi yako ya mwisho usiku huu. Tafuta ule mstari wa muunganisho. Hesabu umeuandika mara ngapi. Ukizidi mmoja, una kazi wikendi hii. Kisha angalia kama nywila imo kwenye kompyuta ya mteja. Ikiwa imo, usingoje wikendi. Ibadilishe leo.

Wewe mwenye biashara, ukiletewa programu muulize fundi wako maswali mawili kabla hujamlipa: "Nikihamisha data, utabadilisha mahali pangapi?" na "Kompyuta hii ikiibwa, mwizi ataona nini?" Akibabaika, mpe muda arekebishe, lakini usimalize malipo.

Na nyinyi mnaofundisha vijana kompyuta, naomba msiishie kwenye somo la kuunganisha hifadhidata kwa mistari kumi ndani ya faili moja. Mwanafunzi hulichukua kama ndiyo mwisho wa elimu. Mimi nililichukua hivyo.

Mama yule bado ni mteja wangu. Desemba iliyofuata nyumba ilijaa kutoka tarehe 20 hadi mwaka mpya, na simu yangu haikulia hata mara moja usiku. Januari alinipigia mchana, nikashtuka. "Shikamoo mama, kuna shida?"

"Marahaba mwanangu. Shida hakuna. Dada yangu ana nyumba ya wageni Msambweni, anataka kama hii. Nimempa namba yako."